Pindi la Usiku: Jinsi Kwanta Ilivyofika Kisarawe na Kibaha

Mwaka 1925 Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihama Kiungani, Unguja, kikavuka bahari na kuweka makazi mapya kwenye vilima vya Minaki, Kisarawe. Mwezi Julai mwaka huohuo kijana wa Kijerumani wa miaka 23, Werner Heisenberg, alikamilisha makala ambayo wanafizikia wanaihesabu kuwa mwanzo wa umakanika wa kwanta. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta kuadhimisha miaka 100 ya kazi hiyo. Minaki nayo ilitimiza miaka 100 mwaka uleule.

Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote wakati yanazaliwa. Yalikuja kukutana miongo kadhaa baadaye, kwenye ubao mweusi, na mimi nimeishi ndani ya kukutana kwake. Nilifundisha fizikia Kidato cha Tano na cha Sita, kwanza upande wa Kisarawe, kisha Kibaha, mpaka nilipostaafu. Wanafunzi waliniita Madamu, na waliokuwa wangu wakati huo wananiita hivyo hata leo, pamoja na ndevu na vitambi vyao. Watu wakiandika historia ya elimu huandika majengo, mawaziri na mitaala. Nitayagusa hayo, kwa sababu yalitendeka na yana uzito wake. Lakini naamini kabisa kwamba fizikia ya shule zetu ilibebwa zaidi na desturi ya wanafunzi wenyewe ya kukutana usiku mbele ya ubao na kulihangaikia swali hadi litii. Wao wanaiita pindi.

Kwanta yenyewe ilianzia Berlin. Tarehe 14 Desemba 1900 Max Planck alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwamba mwanga unaotolewa na kitu chenye moto hauwezi kuelezeka mpaka ukubali kuwa nishati hutoka kwa vipande, na kila kipande kina ukubwa unaotegemea masafa ya mwanga. Berlin ndiyo iliyokuwa ikiitawala nchi hii wakati huo. Miaka mitano baadaye, 1905, Albert Einstein, karani wa ofisi ya hataza huko Bern, alilichukua wazo la Planck na kulipeleka mbali zaidi. Mwaka huo Vita vya Maji Maji viliwaka kusini na kufika hadi Uzaramo, kwa watu waliochoka kulimishwa pamba kwa lazima. Nilipokuwa nikifundisha sura hiyo nilikuwa naandika miaka hiyo ubaoni pamoja na matukio yote mawili, ili mwanafunzi wa Kisarawe asidhani kwamba wakati Ulaya inafikiri, babu yake alikuwa amelala.

Waingereza walipochukua nchi, wamisheni wa Kianglikana wa UMCA waliijenga Minaki kuwa chuo cha walimu. Kiungani, shule mama, ilianza karne ya 19 kwa vijana waliokombolewa utumwani, na heshima ya kisomo iliyokuwapo kule ilihamia kilimani pamoja na vitabu. Minaki ikawa kati ya shule chache sana za Tanganyika ambazo Mwafrika angeweza kupanda madarasa ya juu. Jirani yake, Pugu, palikuwa na chuo cha Wakatoliki cha Mtakatifu Fransisko, alikofundisha Julius Nyerere hadi alipojiuzulu Machi 1955 kwa ajili ya siasa za TANU. Vilima viwili vinavyoangaliana, na viongozi wengi wa kizazi kile waliwahi kupita kwenye kimojawapo au kuishi na aliyepita.

Fizikia ya shule hizo ilifuata mtihani wa Cambridge: mizani, kapi, lenzi, sumaku, joto. Aliyemaliza darasa la kumi na mbili na kufaulu vizuri alipanda treni na meli kwenda Makerere. Madarasa ya Kidato cha Tano na cha Sita yalianza nchini mwishoni mwa miaka ya 1950, na hapo ndipo kwanta ilipopata mlango. Mwaka 1958 Michael Nelkon na Philip Parker walitoa Uingereza kitabu chao cha fizikia ya kiwango cha juu. Kitabu hicho kilienea Afrika Mashariki yote, na kwetu kiliitwa Nelkon tu, kama mtu wa nyumbani. Karibu na mwisho wake, baada ya mamia ya kurasa za mwendo, joto na umeme, zilikuwapo sura za elektroni, fotoelektriki na eksirei. Mwisho wa kitabu maana yake mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka shuleni maana yake haraka. Jambo hilo lina uzito katika habari hii kuliko linavyoonekana.

Kibaha ina historia nyingine kabisa. Pale hapakuwa na misheni. Mwaka 1963, kilometa 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya Morogoro, ulianza mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Lengo lilikuwa kupambana na maadui watatu aliowataja Mwalimu Nyerere, yaani ujinga, umaskini na maradhi, na kwa hiyo vilijengwa pamoja shule ya sekondari, kituo cha afya Tumbi na kituo cha kufundishia wakulima. Shule ilianza mwaka 1965. Tarehe 10 Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Karibu wakati huohuo, baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, Minaki nayo ilitoka mikononi mwa kanisa ikawa ya serikali.

Mojawapo ya nchi hizo za Nordiki ina nafasi yake katika kwanta. Mwaka 1913 Niels Bohr, mtu wa Copenhagen, Denmark, alieleza kwamba elektroni ya haidrojeni haikai popote inapotaka. Ina ngazi zake maalumu, na ngazi ya chini kabisa ni elektroni-volti 13.6 chini ya sifuri. Bohr alifariki Novemba 1962. Mwaka uliofuata nchi yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoanza kazi katika pori la Kibaha. Kila nilipofundisha ngazi za haidrojeni pale nilihisi kwamba somo hilo lina haki ya pekee ya kuwapo mahali hapo.

Mtihani nao ulibadilika. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, Necta. Mtindo wa maswali, hata hivyo, ulibaki na damu ya Cambridge: eleza kanuni, kisha kokotoa. Kipande cha kukokotoa ndicho kilichowagawa wanafunzi. Kukariri maelezo kunawezekana hata kwa asiyeelewa. Swali la namba halikaririki, maana mwaka ujao linarudi limevaa nguo nyingine.

Hapo ndipo pindi lilipopata umuhimu wake. Mimi nilimaliza Kidato cha Sita mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wakati nchi haina fedha za kigeni. Shule niliyosoma ilikuwa na maabara ya kupendeza yenye makabati ya mbao, na ndani ya makabati galvanomita zilizokufa. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa madarasa yote, naye alifanya kazi kwa moyo mkubwa. Nelkon zilikuwa chache kiasi kwamba tulizigawa kwa saa, na usiku wa manane kitabu kilibadilishana mikono kama zamu ya ulinzi. Katika hali hiyo mwanafunzi ana njia moja ya kuelewa: mwenzake.

Kwa wasiolijua, pindi linakwenda hivi. Baada ya muda rasmi wa kujisomea usiku, wale wa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wanabaki darasani. Mmoja, aghalabu yule hodari anayeitwa kipanga, anashika kipande cha chaki kilichookotwa mchana. Swali linasomwa kutoka pepa ya zamani ya Necta. Unaandika kwanza ulichopewa, halafu kinachotafutwa, halafu kanuni, na hakuna kuruka hatua, kwa kuwa nyuma kuna mtu atakayepiga kelele, "Hiyo mbili imetoka wapi?" Ukipata jibu bila kizio darasa zima linadai yuniti. Ukikwama unakabidhi chaki bila ugomvi. Umeme ukikatika zinawashwa kandili au mishumaa, na kivuli cha mkono kinakuwa kikubwa kuliko swali.

Kuna mambo kuhusu pindi ambayo mgeni wa elimu yetu hayaoni. Mchana somo linafundishwa kwa Kiingereza, na wengi wanaitikia kwa kichwa. Usiku pindi linapigwa kwa Kiswahili, na hapo mtu anauliza kile alichoogopa kukiuliza mchana. Wataalamu wa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kazi nzuri ninayoiheshimu, lakini muda mrefu kabla yake vijana wenye chaki walikwishajieleza mambo mazito kwa lugha yao, wakichanganya pale palipohitajika. Pia kipanga anayepiga pindi anafaidika kuliko anayesikiliza. Nimeona wavulana waliokuwa wakipata alama za wastani wakawa hodari ndani ya muhula mmoja kwa sababu tu walipangiwa kufundisha wenzao mada moja.

Wasichana tulikuwa wachache katika PCM, na kushika chaki mbele ya wavulana kulihitaji ujasiri. Tulianza kupiga mapindi yetu wenyewe bwenini, kwenye sakafu ya saruji, kwa chaki ileile, tukifuta kwa kanga iliyochakaa. Baadaye, nilipokuwa mwalimu Kisarawe, sheria yangu ya kwanza darasani ilikuwa kwamba chaki inazunguka, na msichana hapitwi.

Pindi lina udhaifu wake, na naupima kama mtu anayelipenda. Linafundisha kujibu swali lililoulizwa na mtu mwingine. Mwanafunzi anaweza kupita mapepa ya miaka ishirini akawa mashine ya kukokotoa, asiulize hata mara moja kitu ambacho hakimo kwenye pepa. Na nchi hii ina mfano maarufu wa kijana aliyeuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ndogo, akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa hayajachemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya watu wote. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akamuuliza yeye pia, wenzake wakicheka. Osborne alirudi chuoni akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia.

Wanasayansi bado wanabishana ni wakati gani maji ya moto yanatangulia kuganda na kwa nini. Jina la Mpemba, hata hivyo, limesafiri kuliko maji. Mwaka 2023 wanafizikia wa Ulaya walichapisha nadharia ya kile walichokiita athari ya Mpemba ya kwanta: mfumo wa chembe ulioanza mbali zaidi na utulivu unaweza kuufikia utulivu huo mapema kuliko ule ulioanza karibu. Mwaka 2024 athari hiyo iliripotiwa kuonekana maabara, kwa ioni zilizonaswa na kupangwa mstari. Kwa hiyo jina la mwanafunzi wa sekondari wa Tanganyika sasa limo ndani ya fizikia ya kwanta, na mwanafunzi wa Kibaha anayelisoma leo hana sababu ya kujiona mgeni katika somo hilo.

Turudi kwenye ile sura ya mwisho wa kitabu. Kwa miaka mingi kwanta ilifundishwa katika miezi ya mwisho kabla ya Necta, wakati mtihani wa mock umekwisha na kila mtu anarudia mada za zamani. Shule nyingi hazikuifikia kabisa kwa njia ya mwalimu. Ilifika kwa pindi. Mwanafunzi mmoja aliyekwenda likizo Dar es Salaam akasoma tuisheni alirudi na daftari, na daftari hilo likanakiliwa na bweni zima. Nimeshika madaftari ya namna hiyo yaliyonakiliwa mara nyingi mpaka alama ya Planck, h, imegeuka kuwa n. Na bado maswali yake yalijibiwa sawasawa, kwa kuwa hesabu zake ni fupi: nishati ya kipande kimoja cha mwanga ni h mara masafa, toa nishati ya kung'olea elektroni, kinachobaki ni nishati ya mwendo wa elektroni. Mistari mitatu, alama zote. Vipanga waliipenda sura hiyo kwa sababu ni alama za bure.

Mimi niliipenda kwa sababu nyingine, na nililisogeza somo hilo mbele, katikati ya mwaka, nikijua mkaguzi anaweza kuhoji. Chukua metali ya sodiamu. Kuing'oa elektroni moja kunahitaji elektroni-volti 2.3. Mwanga wa zambarau wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 una vipande vya elektroni-volti 3.1, kwa hiyo elektroni inang'oka na kubakiwa na 0.8. Mwanga mwekundu wa nanomita 650 una vipande vya 1.9. Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri, na karibu kila mwaka mkono ulinyooshwa. "Madamu, na tukiuwasha ule mwekundu mkali sana, taa mia?" Hakuna kinachong'oka. Darasa halikubali. Akili yote ya fizikia waliyoisoma kabla yake, ya mawimbi na nguvu, inasema ukiongeza mwanga utaongeza msukumo.

Niliwapeleka sokoni Maili Moja, Kibaha. Nyanya zinauzwa kwa fungu. Ukikuta mafungu madogo mia, bado hakuna fungu hata moja lililo kubwa, na elektroni ni mteja anayechukua fungu moja tu, ama linamtosha ama anaondoka mikono mitupu. Kisha nililiacha soko hapohapo na kurudi kwenye namba, kwa kuwa nyanya haina masafa.

Historia ya sura hii inafundisha yenyewe ukiisimulia kwa utaratibu. Heinrich Hertz aliiona athari ya fotoelektriki mwaka 1887 akiwa anatafuta kitu kingine. Einstein alitoa mlinganyo mwaka 1905. Robert Millikan wa Marekani hakuamini, akafanya kazi miaka kumi hivi akitaka kuonyesha kwamba mlinganyo una kasoro, na mwaka 1916 matokeo yake mwenyewe yakamlazimisha kukubali kwamba unakwenda sawa na vipimo. Niliwaambia wanafunzi wangu wamheshimu sana Millikan. Alishindwa na ushahidi alioukusanya kwa mikono yake, akauchapisha hivyohivyo.

Kibaha nilikuwa na bahati ya jirani. Hospitali ya Tumbi iko pale, imezaliwa na mradi uleule uliozaa shule. Nikawapa swali: mashine ya eksirei inayotumia volti 60,000 inatoa mwanga wenye urefu wa wimbi usiopungua kiasi gani? Jibu ni nanomita 0.021, mfupi mara elfu ishirini hivi kuliko wa mwanga wa macho. Karibu kila mmoja darasani alikuwa na ndugu aliyewahi kupigwa picha ya mfupa, na swali lilizaa maswali ambayo hayakuwa yangu: kwa nini mfupa unauzuia na nyama inaupitisha, kwa nini mpigaji picha anajificha. Nikawapa na la Louis de Broglie, aliyesema mwaka 1924 kwamba hata chembe ina wimbi. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100 ina wimbi la nanomita 0.12, karibu sawa na nafasi kati ya atomi na atomi, ndiyo maana Davisson na Germer waliweza kuliona wimbi hilo mwaka 1927 kwa kuipiga nikeli kwa elektroni. Mpira wa miguu wa gramu 430 uliopigwa kwa mita 20 kwa sekunde una wimbi la mita 7.7 × 10⁻³⁵. Wachezaji wa timu ya shule walilikokotoa hilo mara mbili, wakidhani wamekosea.

Mwaka 2006 serikali ilikuwa na sekondari mpya za kata kila upande na haina walimu. Wahitimu wa Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, na mitaani wakabatizwa majina ya kejeli. Sikuwahi kuicheka kejeli hiyo. Vijana hao walijua kupiga pindi, na baadhi yao waliokuja upande wa Kisarawe walifundisha fizikia vizuri kuliko ilivyotarajiwa kwa mshahara ule. Walichokosa ni kile ambacho pindi halina: kifaa cha kushika. Baadaye, Novemba 2012, Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara. Yeye alisoma Kibaha kuanzia 1966, wakati wa Wanordiki, na naamini aliyekulia kwenye maabara halisi hawezi kuisahau. Michango ya ujenzi iliwaumiza wananchi wengi, na majengo kadhaa yalikaa muda mrefu bila meza wala maji. Hata hivyo kuta zilisimama.

Kibaha, shule ya vipaji maalumu, iliongoza nchi katika matokeo ya Kidato cha Sita mwaka 2018. Kisarawe, mwaka uliofuata, Mkuu wa Wilaya Jokate Mwegelo aliendesha kampeni ya Tokomeza Zero, ya kuondoa daraja sifuri. Umbali kati ya wilaya hizo mbili ni mdogo na tofauti kati ya mahitaji yao ilikuwa kubwa kiasi hicho. Nilipostaafu nilichagua kurudi Kisarawe.

Jumamosi ninakutana na wanafunzi wa sekondari moja huko, wavulana kwa wasichana. Tunatumia taa ndogo za LED zilizonunuliwa Kariakoo, betri nne za tochi, reostati moja iliyofufuliwa na voltimita. Fizikia yake ni ileile ya kwanta, imegeuzwa: badala ya mwanga kung'oa elektroni, elektroni inashuka ngazi na kutoa kipande cha mwanga. Taa haiwaki mpaka volti itoshe kulipia kipande cha rangi yake. Unapandisha volti polepole, unasoma pale inapoanza kuwaka, na kwa kujua urefu wa wimbi unaipata h.

Ile nyekundu ya nanomita 630 ilianza kwenye volti 1.9. Wakakokotoa: 6.4 × 10⁻³⁴. Ya bluu ya nanomita 470 ilianza kwenye 2.6, ikatoa 6.5 × 10⁻³⁴. Kitabu kinasema 6.63, na chumba kililipuka kwa shangwe, maana walikuwa wameigusa namba ya Planck kwa betri za tochi. Kisha msichana mmoja wa Kidato cha Tano akauliza jambo ambalo halimo kwenye pepa yoyote niijuayo: mbona zote mbili zimepungua, hakuna hata moja iliyozidi? Akadai kuna kitu tunakipoteza kila mara kwa kiasi kilekile, na kama ni hivyo basi tuchore grafu ya volti dhidi ya moja gawanya kwa urefu wa wimbi na kutumia mwinamo tu. Wakachora. Mwinamo ukatoa 6.9, safari hii juu ya kitabu. Wengine wakasema amekosea, wengine wakasema pointi mbili hazitoshi kuamua. Wakaweka ya kijani ya nanomita 525, ikaanza kwenye 2.3, ikakaa juu ya mstari.

Ya njano hatukuwa nayo. Akashika chaki, akausoma mstari wake kwenye nanomita 590 na kuandika ubaoni 2.04. Wiki iliyofuata taa ikapatikana, ikaanza kuwaka kwenye volti 2.0. Sasa wanabishana kama voltimita yetu inaaminika kwenye desimali ya pili, na kama jicho la mtu linaweza kuamua taa imeanza kuwaka lini. Mvulana mmoja ameleta bomba la karatasi nyeusi la kuchungulia, ili mwanga wa dirishani usiingie.